Njia za Majabalini Hazikujichonga Zenyewe

(Maneno haya niliyasema Maskati mbele ya familia zetu zinazozungumza Kiswahili, kabla ya kuanza msimu wa baridi. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika, na kwa jamaa zetu wa Unguja, Mombasa, Dubai na Ulaya walioyaomba. Picha nilizoonesha ukutani sikuziweka.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, nakushukuruni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi ya miguu katika vijiji vya milima ya Hajar na makorongo yake. Nimeambiwa nieleze njia zipi nzuri, tuvae nini, tubebe nini, watoto wafuatane nasi au wabaki. Nitayasema hayo, lakini baadaye. Kwanza nina swali, na naomba kila mmoja alijibu moyoni mwake.

Njia hizi kazichonga nani?

Mnaijua Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini hapa, kiasi cha mita 3,000. Ukipanda kwa gari mpaka kitongoji cha Al Khitaym, pembeni mwa genge utaiona njia nyembamba inaanza. Kwenye mawe imetiwa rangi tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Katika ramani za matembezi inaitwa W6. Wengi huiita njia ya roshani, maana inapita katikati ya ukuta wa jabali, juu yako genge na chini yako genge. Na huko chini ndiko kwenye Wadi Ghul, korongo lenye kina cha karibu mita 1,000. Ukichungulia, unawasikia mbuzi lakini huwaoni. Tai wanaruka chini ya miguu yako, unaona migongo yao.

Mgeni akifika pale husema: mashaallah, serikali imefanya kazi kubwa kujenga njia hii. Ndugu zangu, serikali ilitia rangi na kuweka alama, nasi tunaishukuru kwa hilo. Lakini njia ilikuwepo. Ilikuwepo kabla ya rangi, kabla ya ramani, kabla ya gari ya kwanza kufika kwenye uwanda ule.

Ifuate. Usiharakishe, ni mwendo wa chini ya saa mbili. Mwisho wake utakuta kijiji kinachoitwa As Sab. Nyumba zake zimeegeshwa chini ya mwamba uliojitokeza, na mwamba wenyewe ndio uliokuwa paa lao. Hakuna anayeishi pale leo. Zimebaki kuta za mawe, milango mifupi ambayo lazima uiname kuingia, na mbele yake viwanja vya kilimo, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kimezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji ili udongo usiporomoke kwenye shimo. Juu ya kijiji, ukipanda kwa mikono na miguu, kuna dimbwi la maji baridi kwenye kivuli cha jabali.

Basi kaeni kidogo mfikiri. Familia ziliishi pale. Zililima pale. Watoto walizaliwa pale. Na kila kitu ambacho hakikuota pale kilipita kwenye ile njia: chumvi, samaki mkavu, kitambaa, kahawa. Bibi harusi alipita kwenye ile njia. Mgonjwa alipita kwenye ile njia. Nani kaichonga? Kaichonga mwenye haja.

Kuna mzee mmoja huko juu ambaye hukaa na mazulia yake ya sufi akiwauzia wapita njia. Tulikaa naye, akatukaribisha kahawa na tende, na kijana mmoja katika kundi letu akamuuliza: mzee, mlikuwa hamwogopi? Mzee akamjibu kwa habari ya punda. Akasema, punda mwenye mzigo hutembea upande wa nje, upande wa genge. Kwa nini? Kwa sababu akitembea upande wa ndani, mzigo utagonga jabali, na jabali litamsukuma nje. Punda analijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo mtoto wa kule, kabla hajajua kuhesabu, alikuwa ameshafundishwa jambo moja: ukikutana na punda njiani, jibandike ukutani, muachie yeye genge lake.

Nataka vijana mlisikie vizuri hilo. Ile ni elimu. Haimo katika kitabu chochote cha mwongozo wa watalii nilichowahi kukifungua. Imo katika vichwa vya watu ambao leo wana miaka sabini, themanini, na wanaondoka mmoja mmoja.

Sasa mtaniuliza, kwa nini walihama? Walihama kwa sababu zile zile ambazo mimi na wewe tungehama. Mwaka 1970, alipoanza kutawala Sultan Qaboos, Mwenyezi Mungu amrehemu, Oman nzima ilikuwa na barabara ya lami isiyozidi kiasi cha kilomita 10. Nchi nzima! Miaka iliyofuata zikaja barabara, zikaja skuli, zikaja hospitali, zikaja kazi za mshahara. Nani kati yetu angekubali mkewe mwenye uchungu wa uzazi apandishwe juu ya punda kandokando ya genge, ilhali chini kuna hospitali? Nani angemzuia mtoto wake asisome? Walishuka, na walifanya vyema kushuka. Naomba tusiende kwenye magofu yale tukapiga picha huku tunasikitika, tukisema maisha ya zamani yalikuwa matamu. Yalikuwa magumu, waulizeni walioyaishi.

Lakini njia ya miguu ina tabia yake. Barabara ya lami ukiiacha mwaka mzima utaikuta. Njia ya mlimani ukiiacha, mvua inachukua jiwe hapa, mbuzi anaangusha jiwe pale, ukuta mdogo unaoishikilia unabomoka, na baada ya miaka kadhaa huijui ilipita wapi. Njia ya W6 iko hai kwa sababu inapitwa. Ziko nyingine nyingi katika milima hii zilizokuwa na kazi kama ile, zikiunganisha kijiji na kijiji, kisima na malisho, na leo hata wenyeji wanabishana zilikopita.

Njia huishi kwa miguu ya watu. Miguu ya wenyewe ilishuka kwenda mjini. Imebaki miguu yetu.

Na mimi nasema yetu kwa maana kamili. Wangapi humu ndani babu zao au babu wa babu zao walitoka mikoa ya Dakhiliya au Sharqiya hapa Oman, wakaenda Unguja, Pemba, Mombasa, wengine wakafika Tabora, Ujiji na Bujumbura? Nyosheni mikono. Naam. Ukumbi mzima.

Sasa angalieni. Tukihadithia asili yetu tunaanzia baharini. Tunataja jahazi, tunataja pepo za kaskazi, tunataja bandari ya Sur na bandari ya Maskati, tunataja Forodhani. Lakini mtu wa Nizwa, mtu wa Bahla, mtu wa Al Hamra, hakuzaliwa jahazini. Ili aione bahari alitembea. Alishuka kutoka kijijini kwake kwa njia ya miguu, akaingia kwenye njia ya misafara, akapita Wadi Samail, ambako majabali yameacha mwanya, mpaka pwani. Barabara kuu ya Nizwa tunayopita leo kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, huku kiyoyozi kinavuma na watoto wamelala nyuma, inapita mwanya huo huo. Babu aliupita kwa siku kadhaa, kwa miguu au juu ya ngamia, na alikuwa bado hajaanza safari.

Nusu ya kwanza ya hadithi yetu iko majabalini, na hatujaenda kuisoma.

Nageukia maji.

Huwezi kutembea katika vijiji hivi bila kufuata maji. Ukiingia Misfat al Abriyyin, kile kijiji kilichopanda juu ya mwamba karibu na Al Hamra, utateremka ngazi za mawe kati ya nyumba za udongo, na mara utakuta mfereji wa falaj unapita miguuni pako. Njia na mfereji vinakwenda pamoja chini ya mitende na migomba, pengine ukingo wa mfereji ndio njia yenyewe na unaweka mguu mmoja mbele ya mwingine. Ukifuata njia ya zamani kupanda kuelekea Sharaf al Alamayn, maji yanakusindikiza mwanzoni, kisha jabali linabaki kavu na unaanza kuelewa thamani ya ulichokiacha nyuma.

Falaj inakwenda bila pampu. Maji yanatolewa kwenye chemchemi au chini ya ardhi, yanaletwa kwa mteremko mdogo sana uliopimwa na watu ambao hawakuwa na vyombo vya kisasa, kwa masafa ambayo mara nyingi ni ya kilomita kadhaa. Oman bado ina aflaj, yaani falaj nyingi, zipatazo 3,000 zinazofanya kazi, na tano kati yake ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Moja ni Falaj al Khatmayn pale Birkat al Mawz, chini kabisa ya barabara ya kupanda Jebel Akhdar. Wengi wenu mmepita pale mkikimbilia juu. Safari ijayo simameni.

Na maji yale yana taratibu. Yanapoingia kijijini, kwanza ni ya kunywa. Kisha msikitini na pa kuogea. Kisha mitende, ambayo ina haki ya kudumu. Kisha mazao ya msimu. Mashamba hupata maji kwa zamu, na zamu inapimwa kwa muda: athar moja ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa kuchomoza kwa nyota fulani juu ya ukingo fulani wa jabali. Mkulima aliamka usiku wa manane, akaangalia juu, akajua zamu yake imefika.

Sasa nikuhadithieni. Tulikuwa Misfat na kundi la vijana. Mmoja wao, kijana mwema kabisa, alikuwa amekanyaga tope, akatumbukiza viatu vyake vyote viwili kwenye falaj na kuanza kuvisugua. Juu ya kijiji, yaani pale ambapo maji ni ya kunywa. Mzee akaja, anatembea na bakora yake. Sote tukajua sasa kijana atasikia maneno. Mzee akamsalimia. Akamuuliza hali. Akamuuliza hali ya baba yake, na kabila lake, na wameingia lini. Kijana anajibu, viatu mkononi, maji yanachuruzika. Mzee akamwambia, karibuni kahawa. Kisha, baada ya yote hayo, akamshika mkono, akamteremsha ngazi mpaka chini, akamwonesha pahala panapooshwa vitu. Hakusema neno la lawama hata moja. Kijana yule mpaka leo, kundi likikaribia maji, yeye ndiye wa kwanza kuwazuia wenzake.

Kuna upande mwingine wa maji, na hapa nitasema bila kupunguza.

Korongo ni njia ya maji. Sisi tunalipita, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe akirudi habishi hodi. Majabali haya ni mawe matupu, hayanywi mvua. Mvua ikinyesha juu, kilomita nyingi kutoka ulipo, inateleza yote kwa pamoja na kukusanyika kwenye bonde. Wewe uko chini kwenye jua kali, anga la buluu, watoto wanacheza kwenye madimbwi, na maji yako njiani yanakuja. Katika korongo jembamba yanapanda kwa dakika chache, na yanabeba mawe, na magogo, na magari. Mnakumbuka Aprili 2024. Mnawakumbuka wanafunzi wa Samad al Shan waliochukuliwa na maji ndani ya gari wakitoka skuli. Nyumba nyingi nchini hapa zililia siku ile, na wengine wenu mlikwenda kwenye tanzia. Siwezi kulizungumza jambo hili kwa wepesi, na nakuombeni nanyi msilichukulie kwa wepesi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku moja tulikuwa tunajiandaa kuingia wadi moja nyembamba. Kila kitu tayari, mikoba mgongoni. Mchungaji mmoja akapita, akatazama kule juu, akatuonesha kwa kidevu wingu moja jeupe lililokuwa limekaa juu ya kilele. Akasema, leo msiingie. Wingu moja! Vijana wakanung'unika. Wengine walikuwa wametoka Sohar usiku, wamekesha njiani. Tukageuza. Tukapanda juu, tukapika, tukakaa mpaka alasiri.

Mafuriko hayakuja. Wadi ilibaki kavu mpaka jioni.

Na nasema mbele yenu kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Sahihi kabisa. Kwa sababu mtu anayengoja kusadikishwa na mafuriko atasadikishwa mara moja tu. Angalieni utabiri wa hali ya hewa wa mlimani na si wa Maskati peke yake. Muulizeni mwenyeji. Mkiwa ndani mkaona maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi ya udongo, au mkasikia ngurumo isiyokatika, pandeni juu ubavuni, msikimbie kufuata bonde. Acheni mikoba. Na wadi inayotiririka msiivuke kwa gari, hata kama gari ya mbele imevuka. Kwanza sheria ya nchi inakataza, na pili, hata isingekataza.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma, nalo ni adabu ya mgeni.

Jebel Akhdar mnaipenda nyote. Mnajua pale Birkat al Mawz polisi wanazuia gari ndogo, lazima iwe gari inayovuta magurudumu yote manne. Ukifika juu, kwenye uwanda wa Sayq, uko kiasi cha mita 2,000 na joto la Maskati umelisahau. Ukingoni mwa uwanda kuna vijiji vimejipanga juu ya korongo: Al Aqr, Al Ayn, Ash Shirayjah. Kuna njia ya miguu inayoviunganisha, si ndefu, hata mtu mzima ataiweza akipumzika. Inapita katikati ya mashamba ya ngazi yenye makomamanga, jozi, vitunguu saumu, na mawaridi.

Mawaridi huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi, yakashika Aprili. Huchumwa alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Mwaka mmoja tuliruhusiwa kuingia katika chumba cha kupikia. Chumba kidogo, kuta nyeusi kwa moshi, tanuri la udongo lenye matundu. Kila tundu limekaliwa na chungu. Mwenye nyumba akajaza maua ya waridi ndani ya chungu, juu yake akaweka chombo kitupu, na mdomoni akaufunika kwa bakuli la shaba lililojaa maji baridi. Basi. Akangoja. Mvuke unapanda, unakutana na kitako baridi cha bakuli, unageuka tone, tone linaangukia ndani ya kile chombo. Maji ya bakuli yakipata moto anayabadilisha. Mkono wake unaingia na kutoka kwenye moshi bila haraka, na jasho analifuta kwa kilemba. Yakitoka, maji yale ni ya rangi ya kahawia na yana harufu ya moshi. Hayauzwi siku ile. Yanawekwa mwezi na zaidi yatulie.

Mama zangu, nyinyi mnajua ninachokisema. Mrashi uliokuwa kwa bibi Unguja, uliotolewa kabatini siku ya harusi, siku ya maulidi na siku ya msiba. Marashi yake yalitoka wapi? Nilipokuwa nimesimama katika chumba kile niliwaona watu wetu wawili, wanawake wakubwa, wanalia kimya kwa ile harufu. Hawakuwa wamewahi kufika Jebel Akhdar maishani mwao.

Sasa kwa nini nikasema linaniuma? Kwa sababu kila Aprili wageni humiminika kule, wakiacha njia na kuingia mashambani. Wanakanyaga kuta za mawe ya kupanga ili picha itoke vizuri. Jiwe moja likianguka, kiwanja cha juu kinaanza kumwagika kwenye kiwanja cha chini, na kulirudisha ni kazi ya siku nzima kwa mtu ambaye mgongo wake umeshachoka. Wanachuma waridi la mtu wakaliweka sikioni. Wanarusha vile vindege vya kamera juu ya nyua za nyumba, ambamo wanawake wanafua na kupika. Wanaleta chakula chao chote kutoka Maskati, wanakula, wanaacha mifuko, wanaondoka. Kijiji kimebakiwa na nini?

Waswahili wenzangu, kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, tukifika vijijini, wenyeji wanapona?

Wanaweza kupona. Misfat ni ushahidi. Watu wake wenyewe walichukua nyumba za wazee wao zilizokuwa zinabomoka, wakazitengeneza, wakafungua nyumba za wageni humo humo, wakapika chakula cha nyumbani. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja kijiji kile miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Vijana waliokuwa wanafikiria kubaki Maskati wakapata sababu ya kurudi. Na mlangoni wameweka maombi yao kwa heshima: vaeni nguo za stara, msipige picha watu bila ruhusa. Ni maombi mepesi. Sisi, tuliolelewa kubisha hodi na kungoja, ndio tungekuwa wa kwanza kuyatimiza.

Basi lala kwao. Kula kwao. Nunua zulia la yule mzee wa Jebel Shams, na bei usiibishie mpaka mwisho. Chukua kiongozi wa kijiji kile kile, hata kama njia imetiwa rangi na unaiona. Unamlipa ili njia ibaki na mtu anayeijua.

Yaliyobaki nitayapitia mbiombio. Viatu viwe vinavyofunga na vyenye meno. Kandambili ziacheni garini. Maji, lita tatu kila mtu, na zaidi jua likiwa kali. Kofia. Koti, maana usiku wa Disemba na Januari Jebel Shams hushuka chini ya sifuri. Nendeni kati ya Oktoba na Aprili, kiangazi msijaribu. Simu hukosa mtandao makorongoni, kwa hiyo mwacheni mtu nyumbani anayejua mmeingia wapi na mtatoka saa ngapi. Nambari ya dharura ni 9999. Njia ya As Sab haina ukuta wa kuzuia. Mtoto mdogo anayependa kukimbia asipelekwe, na mwenye kizunguzungu cha urefu asione haya kubaki Al Khitaym. Mwenda pole hajikwai.

Tunaanza na vijiji vya Jebel Akhdar, Inshaallah, kwa sababu ni njia ambayo familia nzima inaiweza. Wazee watakwenda kwa gari mpaka Al Ayn, na watatungoja pale. Na hapa ndipo ninapotaka msaada wenu zaidi kuliko mchango wa petroli. Kila familia ije na jina la kijiji walikotoka. Ikiwa bado mna mzee anayekumbuka alichohadithiwa na wazee wake, njia waliyoshukia, walikolala usiku wa kwanza, kisima walichonywea, mrekodini wiki hii. Msingoje siku ya safari. Wawili katika niliokuwa nimepanga kuwauliza mwaka huu wameshatangulia mbele ya haki.

Tukiyakusanya majina, tutachagua njia moja ambayo haina rangi wala alama, ambayo familia mojawapo humu ndani ilishukia, na tutakwenda kuwaomba wenyeji wa kijiji hicho watupe kiongozi. Karatasi ya kuandikisha iko mezani karibu na mlango, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Andikeni jina la kijiji kwanza, kisha la familia.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.